Baba na Kitabu cha Mtu wa Pwani

Fundi wa viatu aliyefungua kibanda karibu na geti letu hapa Mwihoko hajanikosea kitu. Ni kijana wa adabu, kila asubuhi ananiita kama bibi yake, "Shosh, umeamkaje?" na mara moja alinishonea mkanda wa kikapu akakataa malipo. Lakini tangu aje nimekuwa nikienda dukani kwa njia ya nyuma, penye matope, kwa sababu siwezi kupita mbele ya meza yake bila uso kunichoma. Ni ile harufu. Ngozi ikikatwa, halafu gundi, halafu jasho la mkono wa mtu anayebonyeza kwa nguvu. Harufu hiyo ni ya Baba, na siku zote inanikuta kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya watu.

Ninyi mliokulia Thika siku zile hamhitaji kuelezwa. Upepo ukigeuka, harufu ya kiwanda cha ngozi ilikuwa inajua jina la kila mtu. Baba alifanya kazi huko, kwenye mashimo ya maji mekundu ya magome ya miti ya miwati yanayolainisha ngozi, na mikono yake ilikuwa na rangi ya chai ya rangi mpaka kwenye viwiko. Tulitoka Bunyore, kule magharibi, nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, wenyeji wengi Wakikuyu walikuwa wameondolewa kazini, na viwanda vilikuwa vinaandika watu wa magharibi badala yao. Tukapewa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi, na mlango wa bluu uliokuwa haufungi vizuri mvua ikinyesha.

Siku za kazi Baba alikuwa mtu kama wengine. Jumapili alikuwa mtu mwingine. Alikuwa shemasi, na kazi yake ilikuwa kusoma somo. Ibada ilifanyika kwenye ukumbi wa wafanyakazi, kwenye benchi zilezile zilizokaliwa Jumamosi kwa mikutano na ngoma. Baba alisimama mbele, akafungua Maandiko, akaweka kidole chekundu kwenye ukurasa, na sauti yake ikatoka pole pole, bila kukwama. Wengine waliosoma pale walisoma kama watu wanaovuka mto kwa kurukia mawe. Baba alisoma kama maji yenyewe. Nilikaa benchi ya mbele makusudi ili watu wanione mimi ndiye wake.

Nyumbani alinisomea hadithi. Hakuchagua kitabu. Alichukua hata gazeti la kufungia sukari, akalinyoosha juu ya goti, akafuata mistari kwa kidole, akanisomea jinsi sungura alivyomdanganya fisi. Jioni nyingine gazeti lilelile likawa na hadithi ya chura. Sikuona ajabu. Nilidhani ndivyo karatasi zilivyo: mtu aliyesoma sana akizitazama zinampa anachotaka.

Na kila Jumamosi, Baba akikata vipande vya ngozi, Mama alikaa karibu yake na Maandiko mapajani. Mama alikuwa amesomea misheni mpaka alipoolewa. Alisoma sentensi moja, Baba akairudia. "Rudia tena, Baba Dorika," Mama alisema, naye akairudia tena mpaka ikalainika. Nilidhani Baba ndiye anayemfundisha Mama.

Sasa niwaeleze habari ya chumba cha kusomea. Kilikuwa ubavuni mwa ukumbi, meza mbili, taa ya karabai na rafu moja ya vitabu vya Kiswahili na Kiingereza. Msimamizi wake alikuwa kijana wa Ruiru anayeitwa Wanjohi, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata kwenye kola. Alikuwa mmoja wa Wakikuyu wachache walioachwa kwenye kazi ile, na alikuwa anakaa na kipande chake, ile hati ya serikali, mfukoni kama mtu anayekaa na roho yake mkononi. Alipoona jinsi Baba alivyoyavika Maandiko yetu jalada la ngozi, alimwomba avalishe na vitabu vya rafu ambavyo majalada yake yalikuwa yameraruka. Baba alikubali kwa furaha. Alipenda kuonekana kwenye njia akibeba vitabu kwapani.

Mwaka huo karani wa reli, mtu wa pwani, alihamishwa, akakiachia chumba cha kusomea vitabu vyake. Kimoja kilikuwa hakina jalada kabisa. Wanjohi alimpa Baba hicho pamoja na vingine. Baba alikata ngozi ya kahawia iliyobaki kwenye ile ya Maandiko, akakishona, akakipaka mafuta, akakiweka kwenye ubao juu ya kitanda kikauke. Vikawa viwili pale, hicho na Maandiko, vya unene mmoja na rangi moja.

Wiki hiyo Mama alijifungua ndugu yangu. Kila Jumapili Mama ndiye aliyemkabidhi Baba Maandiko mlangoni. Jumapili ile alikuwa amelala na mtoto, akiwa na homa kidogo, na Baba akajichukulia mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa umejaa, kwa sababu Mzee Ibrahimu, mkubwa wa kanisa, alikuwa amekuja kutoka Ruiru kututembelea. Baba alisimama, akafungua kitabu, kidole kikaenda, sauti ikatoka. Nadhani hakuwahi kusoma vizuri kama siku ile. Kina mama walikuwa wanatikisa vichwa. Alipomaliza, Mzee Ibrahimu alisimama ahubiri, akanyoosha mkono.

"Nipe hapo hapo, ndugu Zakayo. Nataka kuanzia palepale ulipoishia."

Baba akampa, kikiwa bado wazi. Mzee akakiweka karibu na macho, akasoma kwa sauti ya mahubiri:

"'Akaizima taa, akamwambia mumewe, sogea, usiku bado ni...'"

Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akafungua mwanzo. Kina mama walikuwa wamefunika midomo kwa vitambaa vyao. Wanaume walikuwa wanatazama viatu. Nyuma kabisa mtu mmoja alicheka kwa pua, na kicheko kikapita benchi kwa benchi. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mama naye alikuwa anatuambia tuzime taa mapema, mafuta yasiishe. Nilimwona huyo mke ni mtu wa busara.

"Zakayo," Mzee akasema, "hiki ni kitabu gani umeleta katika nyumba ya Mungu?"

Baba alikitazama kile kitabu mikononi mwa mzee.

"Umebeba kwa makosa?"

"Nimebeba kwa makosa, Mzee."

Watu wakapumua. Pangeweza kuishia hapo. Watu wangecheka njiani wakasahau. Lakini Mzee Ibrahimu alikuwa na uso wa mtu anayejumlisha na hesabu haikubali.

"Lakini sasa hivi umetusomea somo," akasema taratibu. "Umetusomea kutoka wapi?"

Niliona jasho likimtoka Baba juu ya mdomo, na nikaona kwamba watu hawa hawajui kitu ambacho mimi ninakijua. Nikasimama juu ya benchi.

"Baba anaweza kusoma somo kwenye kitabu chochote!" nikasema kwa sauti yangu yote. "Hata kwenye gazeti la sukari husoma! Husoma sungura na chura!"

Nilingoja wapige makofi. Hakuna aliyecheka mara hii. Mwanamke aliyekaa nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona ajali, "Ngai, Mungu wangu. Kumbe hajui kusoma."

Nilimtazama Baba ili amkatalie. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa jinsi alivyokuwa ameshika mikono yake, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliyevuliwa nguo.

Hakunikemea. Alinishika mkono tukatoka kabla ya wimbo, tukapita kando ya reli. Nyumbani Mama aliinua kichwa akasikia tu jinsi tulivyoingia.

"Wamejua," Baba alisema.

Mama hakuuliza wamejua nini. Alisogea ukutani na mtoto, akamwachia nafasi akae.

Wazee wa kanisa na wazee wa kamati ya ukumbi walikuwa watu walewale, wakibadilisha kofia tu. Walikutana wakamtoa Baba kwenye usomaji. Kisha wakamwita Wanjohi, wakamwambia kile kitabu kitoke kwenye rafu na kingine cha namna ile kisiingie tena. Wanjohi hakubishana. Mtu wa Ruiru mwenye kibali cha kukaa Thika, siku zile, alikuwa habishani na kamati yoyote. Mama aliposikia alisema wazee hawakukosea. Chumba kile kiliingiwa na watoto, na yeye mwenyewe asingependa nikifungue.

"Wangekiweka juu," Baba akasema. "Mtoto hafiki juu."

"Na wewe kinakuhusu nini tena?"

Baba akachukua kisu chake cha ngozi akaendelea kukata.

Jina lilimshika kabla ya mwezi kwisha. Kiwandani walimwita Zima Taa. Alipopita kwenye mashimo mtu aliita, "Zima Taa, sogea!" na wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shuleni nikawa Mtoto wa Zima Taa. Nilipigana na msichana mmoja wa laini ya chini, nikararua gauni lake, na nilipoulizwa sababu na mwalimu nilishindwa kuitaja. Nilijua tu kwamba ni neno chafu, ingawa kwa akili yangu taa ni taa. Nilianza kumwomba Mama niende kanisani na jirani. Baba akinyoosha gazeti la sukari nilisema nina usingizi. Aliacha kulinyoosha.

Ndipo akaanza kujifunza. Akitoka kazini, jua likiwa bado lipo, alikaa kwenye kigoda mlangoni na kitabu changu cha shule, Mama amembeba mtoto akimsimamia. "Ba. Be. Bi." Sauti ile iliyokuwa maji ikawa mtu anayetembea kwa magoti. Majirani walipita wakasalimia kwa heshima iliyozidi kiasi, na mimi nilikuwa ndani, nimejifunika, nikiomba Mungu wasimsikie. Hakuna kitu kilichonitia aibu maishani kama baba yangu kusoma kweli.

"Umeishi miaka yote hii bila," Mama alimwambia siku moja. "Kwa nini sasa?"

"Nilichekwa kwa ajili ya kitabu ambacho sikijui," Baba akasema. "Nataka kujua kilichofanya watu wanicheke."

Juzi, mjini Ruiru, nilikaa kwenye mkutano wa kuzungumzia maktaba. Mama mmoja alitaka hadithi za mapenzi ya chumbani zisiwekwe. Kijana mmoja akasimama akasema kwa hasira kwamba hiyo ni kufunga watu midomo. Mwalimu mmoja mstaafu akajibu vizuri tu: rafu ni chache, pesa ni kidogo, lazima kuchagua, na kuchagua si kukataza, anayetaka atajinunulia. Watu wakanigeukia mimi, kwa sababu ya mvi. Nilijua la kusema kwa pande zote mbili. Ninao wajukuu wa kike. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaomba maji, na nilipokuwa nakunywa wakaendelea bila mimi. Nilichokuwa nakifikiria ni ile Jumamosi Baba alipovaa koti lake la kanisa akaniambia, "Dorika, twende."

Sikutaka kwenda. Nilijua anakoenda, na nilijua laini zote zitamwona. Tukafika kwenye chumba cha kusomea. Wanjohi alikuwa peke yake, akikung'uta vumbi. Alisimama upesi.

"Karibu, Mzee. Habari ya siku nyingi?"

"Nzuri. Nimekuja kusoma."

Baba alikuwa ameshakiona. Kilikuwa kwenye rafu ya chini, ngozi ileile ya kahawia, mshono wake mwenyewe. Alikitoa, akakipeleka mezani, akaketi, akakifungua. Kidole kikaenda kwenye maneno ya kwanza. Nilisimama karibu na mlango nikitazama nje.

"U-fu-ga-ji," Baba akasoma. Akapumzika. "U-fu-ga-ji wa... ku-ku." Akainua uso. "Hiki si chenyewe."

Wanjohi alishusha mabega. "Ngozi ilikuwa nzuri sana, Mzee. Sikuweza kuitupa. Nikavalisha kingine."

"Na chenyewe?"

"Niliambiwa kitoke. Sikuambiwa kiende wapi. Nikakitia motoni, kwenye jiko la chai la ukumbi." Akatazama dirishani, akarudisha macho. "Ningekamatwa nacho nyumbani, nani angeuliza ni kitabu cha namna gani? Mimi, na jina langu hili?"

"Kwani serikali imekikataza?"

"Hapana. Vilivyokatazwa navijua, mtu akishikwa navyo anapelekwa kizuizini. Hiki hakijakatazwa na mtu yeyote. Hatukiweki tu."

"Kwa hiyo nikikitaka nina ruhusa."

"Ruhusa unayo, Mzee."

"Nikipate wapi?"

"Popote kinapouzwa."

"Kinauzwa wapi?"

Wanjohi akafikiri kwa uaminifu. "Labda Mombasa."

"Na mimi niko Thika," Baba akasema.

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaweka jambo mezani walitazame wote wawili. Wakalitazama. Kisha Baba akauliza, "Wewe ulikisoma?"

Kijana akatazama chini. "Nilikisoma."

"Basi niambie."

Wanjohi akanitazama mimi, akasema, "Kasichana, nenda ukaangalie mbuzi wasile maua." Hakukuwa na mbuzi. Nikatoka, nikasimama chini ya dirisha la kioo. Sikusikia kitu, ila niliwaona. Wanjohi alizungumza akiwa ameshika kitambaa cha vumbi kwa mikono miwili. Baba alisikiliza, kofia kwenye goti. Mahali fulani alitabasamu kidogo. Mahali fulani akainamisha kichwa akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasimama, akampa Wanjohi mkono kama mtu anayempa pole.

Tulishika njia ya nyumbani. Nilipoona tuko peke yetu nikauliza, "Baba, kilikuwa kibaya?"

"Anasema ni habari ya mtu na mke wake, waliopendana mpaka mmoja akafa."

"Sasa ni kibaya ama si kibaya?"

"Sijui, mwanangu. Nimeambiwa tu. Kuambiwa si kusoma."

Hata leo sijui. Nimewauliza watu wa pwani, nikawaeleza ile taa na lile neno sogea, wakacheka wakasema hadithi za hivyo ni nyingi. Siwezi kusema wazee walikosea wala siwezi kusema walifanya vyema, kwa kuwa kitu chenyewe hakipo nikitazame.

Kwenye njia panda ya kiwanda wanaume walikuwa wamekaa wakicheza bao kungoja zamu. Mmoja alimwona Baba amevaa koti, akaelewa anakotoka.

"Zima Taa!" akaita. "Umetoka kusoma?"

Niliinama nikajifanya nimechomwa na mwiba, ili aende mbele peke yake. Baba alisimama. Kwa muda wote ule wa jina lile hakuwahi kulijibu hata mara moja.

"Nimetoka kusoma," akasema.

"Umesoma nini leo, bwana shemasi?"

"Habari za kufuga kuku."

Walicheka mpaka kete zikamwagika. Walidhani anawatania. Baba alingoja wamalize, akawaaga vizuri, akageuka nyuma kunitafuta kwa macho. Nilikuwa bado nimeinama njiani, natafuta mwiba ambao haukuwepo.